Bwana Msa Apangiwe BTP Magu

Ukionekana na riwaya ya upelelezi mkononi hapa chuoni lazima uulizwe swali moja, tena na mtu ambaye yeye mwenyewe kitabu cha mwisho kukimaliza ni Takadini, kidato cha nne: "Hicho nacho kipo kwenye kozi?" Hakipo. Na kama kipo, kipo kwa jina tu. Wanaosoma Kiswahili wanajua jinsi tunavyogawiwa fasihi yetu: kuna riwaya dhati, halafu kuna riwaya pendwa. Riwaya dhati ina wiki zake, ina semina zake, ina desa linalopigwa kopi mpaka herufi zinafutika. Riwaya pendwa inapewa nusu ya lekcha ile ya mwisho kabla ya test, sifa zake tano zinaandikwa ubaoni (taharuki, mapenzi, uhalifu, lugha nyepesi, mhusika asiyeshindwa), tunakariri, tunamwaga kwenye UE, tunasahau.

Mimi nasema mgawanyo huo unatugharimu, hasa sisi wa ualimu ambao mwisho wa siku tutapangiwa vijijini. Na nasema hivyo baada ya kukaa wiki nane Magu kwa ajili ya BTP. Nataka nitetee aina moja tu ya riwaya pendwa, ile yenye mzimu ndani yake na mtu wa kawaida anayeamua kuufuatilia. Hizo za wapelelezi wa serikali wenye bastola na magari, kina Willy Gamba wa Elvis Musiba, nazipenda pia, lakini leo zikae pembeni.

Aliyetufungulia njia hiyo kwa Kiswahili ni Muhammed Said Abdulla. Alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda tuzo ya kwanza kwenye shindano la uandishi lililoendeshwa na East African Literature Bureau mwaka 1957 na 1958, ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Zikafuata nyingine: Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, na kadhalika mpaka miaka ya themanini. Kabla ya kuingia kwenye uhariri wa magazeti Abdulla alifanya kazi idara ya afya, akawa mkaguzi. Mimi napenda sana hiyo habari. Mkaguzi wa afya ni mtu aliyezoea kuamini kwamba ugonjwa una chanzo, na kwamba chanzo unakwenda kukitafuta kwa miguu yako, unafunua mifuniko ya visima, unauliza watu wamekula nini jana. Ukimsoma Bwana Msa unauona huo mwendo.

Kwa wasiomjua: Bwana Msa ni mtu wa mjini Unguja, anavuta kiko, anapenda kukaa kimya na kufikiri, na ana rafiki yake Najum anayemfuata huku na huku. Si polisi. Polisi wapo, wana kazi yao, lakini yeye anaingia kwenye kisa kwa sababu kimemkera akilini. Kwenye kitabu cha kwanza maiti ya mtu mwenye mali inakutwa kwenye mzimu, yaani mahali pale pa kale ambapo watu huenda kuomba na kutambika. Sasa wewe fikiria. Maiti iko mzimuni. Watu wote wanajua mzimu una wenyewe. Nani ataanza kuuliza maswali? Jibu lishapatikana kabla swali halijaulizwa: wenyewe wamekasirika. Bwana Msa peke yake ndiye anayekaa na kiko chake na kutaka kujua mambo madogo madogo, nani alikuwa wapi, nani anadai nini, nani atarithi nini. Mwisho sitautaja, mkatafute wenyewe. Itoshe kusema kwamba hakuna mzimu hata mmoja aliyewahi kugombania shamba.

Kisima cha Giningi nacho kinacheza mle mle. Giningi kwa wazee wa Unguja ni mahali pa wachawi, wanakokutana. Abdulla angeweza kukipa kitabu chake jina lolote. Akachagua jina ambalo msomaji wa Unguja akiliona tu anajisogeza karibu na taa. Kwanza anakupa hofu yako mwenyewe, kamili, bila kukucheka. Halafu ndiyo anaanza kuipekua.

Wapo watakaosema hiyo ni nakala ya Sherlock Holmes. Ni kweli kwamba wana undugu, kiko kinasema. Lakini hebu angalia jambo hili la ajabu. Arthur Conan Doyle, aliyembuni Holmes, mtu wa kukata kila fumbo kwa akili, ndiye yuleyule aliyetoa kitabu mwaka 1922 akitetea kwamba picha za vijimalaika vidogo vyenye mbawa, zilizopigwa na wasichana wawili kijiji cha Cottingley, Uingereza, ni za kweli. Wasichana hao walianza kupiga picha hizo mwaka 1917. Mwaka 1983, wakiwa bibi vizee, wakakiri kwamba walikata michoro ya karatasi wakaisimamisha kwenye majani. Doyle alikuwa ameshafariki zaidi ya miaka hamsini. Yaani mtu aliyebuni mpelelezi mkali kuliko wote duniani hakufikiria kuuliza kama nyumbani kwa wale mabinti kulikuwa na mkasi. Nalitaja hili kwa sababu chuoni tunapenda kusema ushirikina ni shida ya watu wasiosoma. Doyle alikuwa daktari.

Haya, Magu.

Kwa asiyepafahamu, ni hapo tu, ukitoka Mwanza mjini barabara ya Musoma unapita Igoma, Kisesa, Nyanguge, unafika. Mto Simiyu unamwaga maji yake ziwani upande huo, kwenye Ghuba ya Speke. Ng'ambo ya ghuba ni Ukerewe, kwao Kezilahabi. Nitarudi kwake. Ni pazuri, dagaa na sato havikosekani, watu wana heshima. Ukipita asubuhi bila kusema "mwangaluka" utaonekana umelelewa vibaya. Lakini huwezi kuzungumzia Magu na Usukuma wote kwa habari ya mizimu na uchawi ukaishia kwenye utani. Kwa miaka mingi ukanda huu umekuwa na mauaji ya wazee, wengi wao akina mama, kwa tuhuma za uchawi. Tukichukua nchi nzima, hesabu za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimewahi kuonyesha mamia ya watu kwa mwaka mmoja. Ushahidi unaotajwa zaidi ni macho mekundu. Na macho mekundu yanatokana na nini? Moshi. Miti imepungua, watu wanapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa na vijiti, jikoni hakuna dirisha, na anayekaa humo kwa miaka hamsini ni mwanamke. Basi mtoto anaugua homa usiku, au ng'ombe wanakufa, au mtu anaota ndoto, mganga anataja upande, na upande huo anakaa bibi mmoja mjane mwenye macho mekundu na ekari tatu za shamba.

Mwisho wa sentensi hiyo nimeuandika makusudi. Ekari tatu za shamba. Bwana Msa angeanzia hapo.

Moja ya njia zilizotumika Usukumani kuwakinga wazee ni kufundisha watu kujenga majiko yanayopunguza moshi. Tafakari kidogo upelelezi uliolala nyuma ya wazo hilo. Kuna mtu alikaa akajiuliza: haya macho yamekuwaje mekundu? Hakuishia kuhubiri kwamba uchawi haupo. Sheria ya uchawi tunayo tangu 1928, na ndani yake kumtaja mtu kuwa mchawi ni kosa, lakini sheria haikuwafikia wale bibi kwa wakati. Aliyefuata moshi alifika mbali kidogo.

Sasa nieleze kilichonipata kwenye BTP, ila shule sitaitaja na nisingependa mtu aitafute. Ni shule ya kata yenye bweni la wasichana. Wiki ya pili tu nikakuta wanafunzi wa kidato cha pili wanasinzia darasani, wengine wamekataa kulala bwenini, wanabanana kwenye vitanda vinne. Habari ni kwamba usiku kuna mtu anatembea juu ya bati. Wengine wakasema ni marehemu ambaye kaburi lake liko chini ya msingi wa bweni. Siku ya tatu nikasikia jina. Nje ya geti kulikuwa na bibi anayeuza karanga na miwa. Kuna msichana alikuwa amegombana naye kuhusu chenji ya shilingi mia mbili, na usiku huohuo hatua zikasikika. Baada ya hapo hakuna aliyenunua tena karanga. Siku ya kikao cha wazazi mzee mmoja alisimama na kusema shule iangalie "watu wanaokaa getini". Hakumtaja mtu. Haikuhitajika. Baada ya kikao nikamfuata, nikamsalimia, nikamuuliza kwa upole alimaanisha nini. Akanijibu kwa upole vilevile: "Mwalimu, wewe ni mtoto wa chuo. Haya mambo hamfundishwi huko."

Alikuwa sahihi, hatufundishwi. Tuna kozi ya saikolojia ya elimu, tuna mbinu za kufundishia, tuna upimaji na tathmini. Hakuna mahali tulipoambiwa ufanye nini bweni likiingiwa na hofu, wakati kila mwaka redioni tunasikia shule fulani wasichana wameanguka na kupiga kelele, na wa kwanza kuitwa ni mganga, mchungaji au shehe, kutegemea mkuu wa shule ni nani.

Wala si jambo jipya huku ziwani. Tarehe 30 Januari 1962, kwenye shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Vicheko na vilio vikasambaa mpaka wanafunzi 95 kati ya 159 wakapatwa, na mwezi Machi shule ikafungwa. Wasichana waliporudishwa makwao jambo likaibuka na huko, Nshamba kwa mfano. Madaktari walifika, wakapima, hawakukuta sumu wala vijidudu, na mwaka 1963 wakaandika ripoti ambayo mpaka leo inasomwa duniani. Hitimisho likabaki kwenye hofu na shinikizo lililojikusanya kwa watoto waliofungiwa mahali pamoja. Ukiisoma habari ile ni riwaya ya upelelezi kabisa: nani alianza, nani alikaa karibu na nani, kwa nini walimu hawakupatwa. Nchi ilikuwa na uhuru wa wiki saba tu. Nasikitika kwamba wengi wetu tumeijua Kashasha kwenye video za Wazungu zenye kichwa cha "mambo ya ajabu duniani" na si kwenye darasa la ualimu.

Pale shuleni nilikuwa na nakala ya kopi ya Mzimu wa Watu wa Kale. Nikaanza kuwasomea kidato cha pili baada ya vipindi, dakika arobaini, anayetaka abaki. Siku ya kwanza walibaki kumi na moja. Wiki iliyofuata madirisha yalijaa. Kiswahili cha Abdulla kiliwasumbua mwanzoni, ni cha Unguja na ni cha zamani, kuna maneno hata mimi niliyatafuta kwenye kamusi nikakosa. Kiko walikijua, babu zao wanacho. Kilichowashika ni kwamba kila nikifunga kitabu walikuwa na mtuhumiwa mpya, na kila mtuhumiwa nilimuuliza aliyemtaja: umejuaje? Basi. Hilo ndilo lilikuwa somo zima. Umejuaje? Umeona au umesikia? Umesikia kwa nani, na yeye je?

Nisingependa mtu afikiri nilikuwa na mpango mkubwa. Ni wasichana wanne wenyewe waliochukua daftari la hesabu, wakachora mistari na kuanza kuandika: tarehe, saa waliyosikia hatua, mvua ilinyesha au hapana, nani alikuwa macho. Wiki mbili. Wakagundua kwamba hatua zinakuja saa mbili mpaka saa nne usiku, siku zilizokuwa na jua kali, na siku za mvua hazipo. Fundi alipopanda alikuta misumari ya bati upande wa magharibi imelegea. Bati likipoa usiku linajikunja na kulia, ta, ta, ta, kama mtu anatembea. Misumari ikagongwa, hatua zikapungua.

Zikapungua, hazikwisha. Kuna sauti ya pili, ya alfajiri, kama mtu anaburuta kitu, na hiyo haikupatiwa jibu mpaka naondoka. Kwenye daftari wameiandika hivyohivyo, "sauti ya pili, bado". Mimi nimefundishwa kuandika andalio la somo lenye malengo mahususi na bado sijawahi kuandika kitu cha kweli kama mstari ule. Kuacha swali wazi bila kulipachika jina la jirani yako ni kazi ngumu, watu wazima wengi hawaiwezi.

Yule bibi alirudi baada ya muda, ila meza yake aliihamishia ng'ambo ya barabara. Sikusikia mtu aliyemwomba radhi.

Naomba nisieleweke kwamba kitabu kimoja kinazuia panga. Wanaokodiwa kuua wazee hawasomi riwaya na hawatazisoma. Na kule kwao Bwana Msa kwenyewe, Zanzibar, miaka 35 baada ya kitabu cha kwanza kutoka, mwaka 1995, ilizuka hofu ya Popobawa, watu wakawa wanalala nje kwa makundi, na kwenye hofu hiyo mtu mmoja mwenye matatizo ya akili akauawa mjini Unguja kwa kudhaniwa ndiye Popobawa mwenyewe. Vitabu vilikuwepo madukani. Havikumwokoa. Ninachodai ni kidogo kuliko hapo: kati ya hofu na panga kuna watu wa katikati, wanaosikia jina likitajwa kikaoni na kunyamaza. Mwalimu ni mmoja wao. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "umejuaje" ni wa pili.

Kuna wenzangu wawili wananipinga, na wanapinga kutoka pande tofauti. Wa kwanza ni mpendwa, tunakaa chumba kimoja hosteli. Yeye anasema kusoma habari za mizimu ni kufungua mlango. Namheshimu, na usiku huwa naweka kitabu chini ya mto ili tulale kwa amani. Lakini ninachokiona ni kinyume. Mlango uko wazi tayari, umefunguliwa na hadithi tulizosimuliwa utotoni, na mahubiri ya saa nzima kuhusu majini ya ziwani yanaufungua zaidi kuliko Abdulla. Riwaya hizi angalau zinaingia ndani na tochi.

Wa pili anasoma fasihi na hoja yake ni nzito zaidi. Anasema Bwana Msa ni msomi wa mjini anayekuja kuwaambia watu wa shamba kwamba imani zao ni ujinga, kwamba ni akili ya mkoloni imevalishwa kanzu. Anauliza: na masamva je? Kwetu Usukumani wahenga wana nafasi yao. Nenda Bujora, pale Kisesa, kwenye makumbusho aliyoyaanzisha Padri David Clement miaka ya hamsini, uone jinsi ngoma, viti vya watemi na mambo ya waganga yalivyotunzwa kwa heshima. Je, tuyafute?

Nimelifikiria hilo sana kwa sababu bibi yangu mwenyewe humwaga kidogo chini kabla hajanywa. Jibu langu ni kwamba sioni Bwana Msa akipigana na wahenga. Mzimu kwenye kitabu kile ni mahali pa watu, pana historia yake, na aliyepadharau zaidi ni mtu aliyepatumia kama pazia. Ukiheshimu mizimu utamkasirikia anayeitupia damu aliyoimwaga yeye. Bibi yangu akimwaga pombe chini anakumbuka watu wake. Hajawahi kwa hilo kumtaja jirani. Pale tu jina la mtu aliye hai linapotamkwa ndipo mimi namwita Bwana Msa. Rafiki yangu hajakubali. Tumeahidiana kuendelea bumu likitoka, kwenye chips.

Ila jambo moja naye tunakubaliana: dharau ya "riwaya pendwa" haina msimamo. Kezilahabi, huyu wa Namagondo, Ukerewe, anayefundishwa kwa unyenyekevu wote anaostahili, mwaka 1990 alitoa Nagona. Mna nini ndani ya Nagona? Mtu anaingia kwenye mji uliokufa, anakutana na kina Sokrate na Plato ambao walikufa zamani, anatafuta kitu asichokijua vizuri. Mizuka na mtafutaji. Hapo tunaita falsafa, tunaandika kurasa kumi. Mzuka akiwa Mgiriki ni riwaya dhati, akiwa wa Makunduchi ni mambo ya mtaani. Nampenda Kezilahabi, na nadhani yeye mwenyewe angecheka.

Kwa upande mwingine sitetei kila kitu chenye jeneza kwenye jalada. Simulizi za magazetini tulizokulia nazo, na sasa hizi za WhatsApp zinazokuja sehemu ya 1 mpaka ya 87 halafu unaambiwa tuma buku upate iliyobaki, nyingi nazisoma, tena naz'soma usiku wa manane nikiwa na test asubuhi. Wana ufundi wa kukukatisha pabaya, hilo nawavulia kofia. Lakini tazameni nani huwa mchawi mle. Mama mkwe. Shangazi asiye na mtoto. Bibi anayekaa peke yake mwisho wa kijiji. Sehemu ya kwanza anashukiwa, sehemu ya 40 anakamatwa na ungo, na kila alichoshukiwa kinathibitika. Hakuna hata mhusika mmoja anayeuliza umejuaje, kwa sababu mwandishi ameshajua, na msomaji anapewa raha ya kuwa sahihi tangu mwanzo. Ukitoka hapo ukaenda Magu ukamkuta bibi wa karanga, kazi imeshafanyika. Huo ndio mstari ninaouchora mimi kati ya riwaya na riwaya, na haupiti kwenye dhati na pendwa. Unapita hapa: je, kitabu kinamruhusu mtuhumiwa wa kwanza awe si yeye?

Sasa tufanye nini. Mambo yangu ni ya kawaida na hayahitaji kamati. Wizara ya elimu ya serikali ya wanafunzi kila mwaka inatenga fedha za mashindano na bonanza. Ichukue kipande kidogo itafute nakala kumi za Abdulla. Ni kazi, kwa sababu vitabu hivi vimeadimika. Maktaba yetu ina Mzimu wa Watu wa Kale moja, haina jalada, kurasa za katikati zimefungwa kwa uzi wa viatu. Wauza vitabu vya mtumba mjini Mwanza huwa navyo mara moja moja, ukiwahi. Walimu wetu wa fasihi, kwa heshima zote, ile nusu lekcha waifanye wiki mbili na watupe kitabu kizima tusome, si sifa tano. Na nyie mnaoondoka BTP muhula ujao, hasa mliopangiwa Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema: kwenye begi, pamoja na chaki, andalio na ile shati nyeupe, tieni riwaya moja yenye mzimu. Msiwahutubie watoto kuhusu ushirikina, hawatawasikiliza, walishahutubiwa. Wasomeeni, funga kitabu pabaya, uliza nani, halafu uliza umejuaje.

Kopi yangu iko kwa kijana mmoja wa mwaka wa pili, Sayansi. Baada yake wapo watatu kwenye foleni. Kisima cha Giningi ninacho mwenyewe, nakitoa kwa siku nne, na anayekirudisha na mafuta ya mihogo kwenye kurasa hapewi kingine.